Watu Watasemaje? Mwongozo wa Kupunguza Hofu ya Macho ya Watu

Ukitaka kuona hofu ya macho ya watu ikifanya kazi mchana kweupe, hudhuria mkutano wa maandalizi ya harusi mjini Kampala. Kadi za ahadi zinazunguka, mwenyekiti wa kamati anasoma majina kwa sauti, na mtu ambaye wiki hiyo hiyo amekopa karo ya mtoto anasimama na kuahidi shilingi laki tatu. Makofi yanapigwa. Anaketi huku tumbo limemkaza, maana laki tatu hana na anajua hana. Hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Kilichomsimamisha ni swali moja: nikitaja elfu ishirini, watu watasemaje?

Swali hilo linawanyima watu mengi kuliko pesa. Mhitimu wa chuo kikuu anakaa nyumbani bila kazi ilhali anapika roleksi, ile chapati iliyokunjwa na mayai, nzuri kuliko wote mtaani, kwa kuwa waliosoma naye wakipita Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, watamwona kwenye jiko la mkaa. Binti mwenye mikono ya ufundi wa magari anasomea ualimu. Na sisi tuliokuzwa kwa Kiswahili, katika kambi za polisi na jeshi, Bombo, au mipakani Busia na Malaba, tuna namna yetu ya kulijua jambo hili: simu ya mama inaita ndani ya teksi, nawe unaizima mlio, kwa sababu ukifungua mdomo kwa Kiswahili, lugha ambayo Waganda wengi waliijua kwanza mdomoni mwa askari, abiria watageuka kukutazama kana kwamba umepanda na bunduki.

Ushauri wa "usijali watu" sijawahi kuuona ukimponya mtu. Utaachaje kuwajali? Watu hao hao ndio watakaokuzika, watakaokudhamini kwenye mkopo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo), watakaokupokelea mtoto shuleni siku umechelewa. Kuogopa kutengwa nao ni akili, si udhaifu. Ninachoamini ni kwamba hofu hii hupungua ukijua ni macho ya nani hasa unayoyaogopa, ukaandika unachodhani watafanya, ukajaribu kwa kiasi kidogo, na ukafanya hivyo ukiwa na mtu mmoja upande wako. Mpangilio huo una maana. Anayeanza kwa kujitokeza mbele ya umati mara nyingi hurudi ndani na kufunga mlango zaidi.

Utahitaji daftari dogo na mahali pa kulificha. Huandiki kwa ajili ya kusomwa.

Hatua ya kwanza: wataje hao "watu"

Juu ya ukurasa andika jambo moja unaloficha au unaloogopa kulifanya mbele za wengine. Moja tu, na liwe dogo kiasi cha kuelezeka kwa sentensi: nataka kuacha masomo ya sheria, sitaki kuolewa mwaka huu, nataka kufungua kibanda, nataka kuongea lugha yangu bila kunong'ona.

Chini yake andika ni nani ambao hukumu yao inakutisha. Usiandike "majirani" wala "ukoo" wala "kanisani". Andika jina la mtu: shemeji fulani, mama mkwe, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), yule mliyemaliza naye Senior Six ambaye sasa yuko benki. Kwa wengi, orodha huishia watu wanne au watano, na jambo hilo huwashangaza. Umati mzima waliokuwa wakiubeba kichwani unageuka kuwa mama mkwe, mchungaji na marafiki wawili wa shule.

Sasa kwa kila jina jiulize: ananijua kiasi gani? Akinikasirikia, maisha yangu yatabadilika vipi Jumatatu asubuhi? Na je, aliwahi kusema nini hasa, kwa maneno yake, kuhusu jambo hili? Swali hili la mwisho ndilo zito. Mara nyingi utakuta hajawahi kusema kitu. Wewe ndiye umekuwa ukitunga maneno na kumwekea mdomoni, kisha unayaogopa kama ameyasema yeye.

Baadhi ya majina yatakuwa ya marehemu. Yaandike pia. Baba aliyefariki anaweza kuwa hakimu mkali kuliko wote walio hai, kwa sababu hana nafasi ya kubadili mawazo. Angekuwepo, huenda miaka ingemlainisha kama ilivyowalainisha wazee wengine. Ukiona jina lake limekaa juu kabisa ya orodha, mtafute ndugu yake au rafiki yake wa zamani mzungumze habari zake. Mara nyingi utasikia mambo aliyoyafanya ujanani ambayo hukuwahi kuambiwa.

Mwisho, zungushia duara majina ya wanaokupenda kweli, hata kama ni wakali. Utayahitaji katika hatua ya tano.

Hatua ya pili: tenga aibu na hatari

Hapa naomba usiruke. Miongozo mingi humwambia kila mtu ajitokeze alivyo, bila kuuliza anaishi wapi na anamtegemea nani. Aibu huunguza, kisha hupita. Hatari huondoa kitu: kazi, paa, watoto, uhuru.

Katika Uganda ya leo kuna mambo ambayo mtu akiyaweka wazi hashughuliki na midomo ya watu peke yake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ina kifungo cha maisha, na kwa makosa inayoyaita mazito, hata adhabu ya kifo. Kuna mwanamke ambaye akisema anachofikiri nyumbani atapigwa. Kuna maoni ya kisiasa ambayo mtu huyapima kabla ya kuyatamka. Anayenyamaza katika hali hizo anajilinda, na hakuna mwenye haki ya kumwita mwoga.

Basi jibu kwa maandishi: nitapoteza kitu gani kinachoshikika? Nani ana uwezo wa kukiondoa? Kikiondoka usiku, nitalala wapi? Majibu yakitaja polisi, kipigo au kufukuzwa nyumbani, usiendelee na majaribio yaliyo mbele. Kazi yako ya kwanza ni matayarisho: akiba iliyo kwa jina lako, vyeti na kitambulisho mahali salama, mtu mmoja atakayekufungulia mlango. Kwa wanawake, FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, hutoa msaada wa kisheria kwa wasioweza kulipa wakili.

Na si kila unachokificha kinatokana na hofu. Sisi tumelelewa kuheshimu sitara. Mambo ya ndani ya ndoa, madeni ya wazazi, ugonjwa wa dada yako, hayo huna wajibu wa kuyaanika ili uthibitishe kwamba u mkweli. Donald Winnicott, daktari wa watoto na wa nafsi wa Uingereza, mwaka 1960 aliandika kuhusu sura ya bandia ambayo mtoto hujifunza kuivaa ili ampendeze mlezi. Lakini hakusema sura hiyo ni mbaya siku zote. Kwa kiasi chake ni adabu tu ya kawaida, inayotuwezesha kuishi na wenzetu. Inaumiza pale inapochukua nafasi yote, mtu akabaki hajui hata chakula anachokipenda. Namna rahisi ya kupima: jambo ulilolisitiri kwa hiari hulifikirii siku nzima. Ulilolificha kwa hofu unalilinda kila saa, na jioni umechoka.

Hatua ya tatu: wiki ya kujichunguza

Kwa wiki moja usibadilishe kitu. Tazama tu. Kila ukijikunja mbele ya mtu, andika nilikuwa wapi, na nani, nilitaka kusema au kufanya nini, nikafanya nini badala yake, mwili ulikuwaje.

Unachotafuta ni kinga zako. Mwaka 1995 wanasaikolojia wa Uingereza David Clark na Adrian Wells walieleza kwa nini hofu hii haiishi hata kwa mtu anayekutana na watu kila siku. Mtu huwa ana vitendo vidogo vya kujikinga: anaipanga sentensi kichwani mara tatu kabla ya kuisema, anaongea haraka ili amalize, anakwepa macho, anaibana kikombe kwa nguvu ili mkono usionekane ukitetemeka. Mambo yakienda salama, anaishukuru kinga. Hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba watu wangempokea bila hiyo. Na kikombe kilichobanwa sana hutetemeka zaidi.

Kinga zetu za hapa nyumbani nazifahamu vizuri. Kuchelewa kanisani kusudi ukae nyuma. Kutoa simu mfukoni na kujifanya unasoma. Kucheka utani unaokuumiza wewe mwenyewe. Kusema "niko bize" kwa kila mwaliko. Kubadili lafudhi ukishafika mjini. Kukodi gari la kwendea kijijini Krismasi, halafu Januari yote unaila kwa madeni. Kunywa waragi kidogo kabla ya hotuba. Hii ya mwisho iandike kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kinga ya pombe hudai kipimo kikubwa zaidi kila mara.

Kuhusu mwili: moyo kwenda mbio, jasho viganjani na mdomo kukauka ni homoni ya adrenalini ikikuandaa kukimbia au kupigana. Haikuambii kwamba unakosea. Ukikaa hapo hapo bila kukimbia, kwa kawaida hupanda, kisha hushuka yenyewe.

Hatua ya nne: andika utabiri, kisha ujaribu

Hiki ndicho kiini cha kazi yote, nacho kinastahili muda wako mwingi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakiongozwa na Thomas Gilovich, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, kitu ambacho kijana wa pale angeona haya kuonekana nacho, kisha wakawaingiza mmoja mmoja kwenye chumba chenye wenzao. Aliyevaa alikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000. Kwa hiyo hata unapokuwa umevaa kitu cha aibu kifuani, macho unayoyahisi ni mengi kuliko yaliyopo, kwa kiasi cha mara mbili hivi. Sababu inaeleweka: wewe unajiwaza saa zote, na unasahau kwamba mwenzako naye ameshughulika kujiwaza yeye.

Lakini usiniamini mimi wala Cornell. Jaribu mwenyewe, kwa maandishi. Gawa ukurasa sehemu nne: nitafanya nini, nadhani watafanya nini, nina uhakika kiasi gani kati ya 0 na 100, kilitokea nini. Sehemu tatu za kwanza zijaze kabla ya kwenda. Ukijaza ukisharudi, kumbukumbu itakudanganya.

Chukua mfano wa Kiswahili chetu. Mtu anayeona haya kukiongea Kampala anaweza kupanga vitendo hivi kutoka chepesi hadi kizito: kumsalimu mlinzi wa getini kwa Kiswahili, kununua nyanya soko la Owino kwa Kiswahili na kubishana bei hadi mwisho, kupokea simu ya mama ndani ya teksi kwa sauti ya kawaida, kumwambia kondakta "nishushe hapo mbele" bila kubadili lugha, kuchangia kwa Kiswahili kwenye mkutano ambao kila mtu anakielewa lakini hakuna anayekianza.

Kwa ile simu ya mama anaandika: "Watanyamaza wote wanitazame. Mmoja atasema maneno mabaya. Uhakika 80." Anakwenda, anapokea simu. Halafu anaandika kilichotokea: wawili waligeuka, wakarudi kwenye simu zao, mzee mmoja akauliza kama natoka Busia, tukaongea hadi Banda. Mara ya pili uhakika unaweza kushuka hadi 60, mara ya nne 30. Kitendo kikishakuwa cha kuchosha, ndipo unapanda kinachofuata. Usiruke vitatu kwa siku kwa sababu leo umeamka na ujasiri.

Wakati wa jaribio acha kinga zako nyumbani. Usinong'one, usicheke kabla ya kusema, usiombe radhi kwa kitu ambacho si kosa. Na macho yako yapeleke nje: bei iliyoandikwa dukani, rangi ya shati la aliye mbele yako, anachosema mwenzako. Ukijitazama kwa ndani utasikia moyo tu.

Ukikutana na uso uliokunjamana kweli, itakusaidia kujua umetoka wapi. Kiswahili kiliingia masikioni mwa Waganda wengi kikiwa na askari. Kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, katikati ya utawala uliowaua watu wengi hadi alipoangushwa mwaka 1979. Bibi anayeshtuka ukisema "karibu" huenda hakuhukumu wewe hata kidogo. Anakumbuka mlango uliogongwa usiku. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kumbukumbu ya bibi haifutwi na gazeti la serikali. Msalimie kwa Kiganda chako kibovu, endelea na simu ya mama. Vyote viwili vinawezekana.

Yule mhitimu wa roleksi naye apange hivyo hivyo. Aanze kwa kumsaidia anayeuza tayari, saa za asubuhi. Kisha asimame jikoni peke yake saa moja jioni. Kisha aweke picha ya roleksi zake kwenye hali ya WhatsApp bila maelezo ya kujitetea. Kisha Wandegeya, Ijumaa usiku, wanafunzi wa Makerere wakitoka. Aandike utabiri wake kwa kila hatua, na aongeze sehemu ya tano ambayo mwenye Kiswahili haihitaji: nimeuza ngapi.

Hatua ya tano: mtu mmoja kwanza

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwauliza watu swali jepesi mno: ni mstari upi kati ya hii mitatu unaolingana na huu? Kila mshiriki alikaa na kundi ambalo, bila yeye kujua, lilikuwa limepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Karibu robo tatu ya washiriki walikubali uongo huo angalau mara moja, huku macho yao yakiuona ukweli. Kisha Asch akabadilisha jambo moja: akaweka ndani ya kundi mtu mmoja anayesema ukweli. Nguvu ya kundi juu ya mshiriki ikashuka hadi robo ya ilivyokuwa. Mmoja tu.

Sisi hapa tuna ushahidi ulio karibu zaidi na mioyo yetu. Mwaka 1987, mwenye UKIMWI alipokuwa akifichwa chumba cha nyuma na vyombo vyake vikitengwa, Noerine Kaleeba, aliyempoteza mumewe Christopher mwezi Januari mwaka huo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, pamoja na kikundi kidogo ambacho wengi wao walikuwa na virusi. Walianza kwa kukutana wao kwa wao, kuambiana ukweli mahali ambapo hakuna wa kuwashangaa. Miaka miwili baadaye mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden na kutangaza mbele ya nchi nzima kwamba ana virusi. Kuna waliosema anaongopa ili auze muziki. Alizunguka mashuleni na makanisani akiongea na vijana huku mwili ukimwishia, akafariki Desemba 1989. Namheshimu kupita ninavyoweza kuandika. Lakini anayesoma habari zake akadhani lazima aanze kwa kutangaza mbele ya taifa, naomba atazame pia kile kikundi kidogo cha TASO, ambako mtu alianza kwa kumwambia mmoja.

Mficha uchi hazai, walisema wazee, na hawakumaanisha uvue nguo sokoni. Rudi kwenye majina uliyoyazungushia duara. Mchague mmoja kwa kutazama anavyoshika siri za wengine: anayekuletea za watu, zako atazipeleka. Mtafute mkiwa wawili, mnatembea au mnamenya matooke, kwa sababu maneno mazito hutoka vizuri mikono ikiwa na kazi. Mwambie kwanza unachotaka kwake: "Kaka, nataka kukwambia jambo. Sihitaji ushauri leo, nataka unisikilize tu." Kama orodha yako haina hata duara moja, tafuta nje ya ukoo: kwaya, kikundi cha akiba, timu ya mpira, wanaofanya kazi unayoitamani.

Hatua ya sita: maneno ya kutumia

Wengi hukwama kwa kukosa sentensi, si kwa kukosa ujasiri. Zifuatazo zimetungwa fupi kwa makusudi. Ukitoa sababu tano, mwenzako atachagua iliyo dhaifu na kubishana nayo.

Kwenye mkutano wa harusi, simama, toa pesa mfukoni, sema: "Ndugu mwenyekiti, nawapongeza maharusi wetu. Natoa elfu ishirini, na hizi hapa taslimu." Kisha keti. Kila mweka hazina aliyewahi kukimbizana na ahadi hewa atakushukuru moyoni.

Kwa ssenga, yaani shangazi, anayeuliza utaolewa lini: "Ssenga, najua unaniuliza kwa sababu unanipenda. Ndoa naitaka, ila si mwaka huu. Nikiwa tayari, wewe ndiye utakayenisindikiza." Na kama mila ya nyumbani inataka upige magoti unapozungumza naye, piga magoti. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi wanadhani kuwa mkweli kunadai kuvunja adabu. Unaweza kupiga magoti na jibu likabaki hapana. Wazee hukubali mengi kutoka kwa mtoto aliyewapa heshima yao kwanza.

Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili usome kitu usichokipenda, maneno ni magumu zaidi, na usiyaseme kwa simu. Nenda. "Baba, nashukuru kwa ulichotoa, na sitakisahau. Nimejaribu masomo haya kwa moyo wangu wote. Naomba unisikilize nilichofikiria, kisha nikusikilize." Kisha uwe na mpango mkononi: karo iliyobaki ni kiasi gani, nini kinahamishika, utachangia nini mwenyewe. Mzazi wa aina hii haogopi tu midomo ya majirani. Anaogopa kwamba jasho lake limepotea, na hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu.

Kwa mliyesoma naye anayesimama mbele ya jiko lako akiwa na tai: "Naam, ni mimi. Niko hapa kila jioni. Nikupigie mayai mawili au matatu?"

Hatua ya saba: usiku wa siku hiyo

Utalala, kisha kichwa kitaanza kurudia kila neno ulilosema, kikiliongezea ubaya. Ni kawaida kabisa. Ndani ya saa moja baada ya jaribio andika kilichosemwa na kufanywa, bila tafsiri: "alinyamaza, akaondoka", si "alinidharau". Usiku ukianza kurudia, kumbuka kwamba kumbukumbu sahihi iko kwenye daftari. Usimpigie mtu simu saa sita ya usiku kumuuliza kama ulimkera.

Wakikuhukumu kweli

Itatokea. Atakuwepo atakayecheka, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo atakuwepo atakayeandika sentensi ya kuchoma bila kutaja jina, na kila mtu atajua ni wewe. Usijibu usiku huo. Kesho yake fungua ukurasa wa kwanza wa daftari: huyu yumo kwenye orodha? Ana duara? Kama hana, maneno yake yamekuumiza, lakini hayana uwezo wa kubadilisha Jumatatu yako, na uliandika hivyo mwenyewe kwa mkono wako kabla ya hasira.

Kama ana duara, mfuate ana kwa ana, mwombe aseme tena kwa utaratibu. Chagua lililo na faida. "Roleksi zako zina chumvi nyingi" ni habari njema kwa mfanyabiashara. "Msomi mzima unauza chapati" haikupi cha kurekebisha, basi iache pale ilipo.

Na mpe muda. Mama aliyenuna miezi sita hajakufukuza, anajifunza. Mfuate nyumbani kama ulivyokuwa ukimfuata, mpelekee sukari yake, msaidie kazi, usilizungumze jambo lile kila unapofika. Wengi wanaorudi hurudi hivyo, bila mkutano wa kusameheana.

Hofu ikizidi uwezo wako

Kuna kiwango ambacho daftari halitoshi. Ikiwa kwa miezi sita au zaidi hofu ya kutazamwa imekufanya uache masomo, ukatae kazi, ushindwe kula au kuzungumza mbele za watu, au unywe ili uweze kutoka nje, huo ni ugonjwa unaotibika. Mara nyingi huanza katika umri wa ujana, na watu huishi nao miaka mingi wakidhani ni tabia yao. Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, yakifuata njia inayofanana na hatua ya nne lakini kwa kina zaidi. Wengine hupewa na dawa. Ukipata mawazo ya kujiua, usingoje miezi: mwambie mtu leo, akusindikize hospitali.

Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iko Butabika, Kampala, tangu mwaka 1955. Najua jina hilo linatumiwa mitaani kama tusi, na wapo wanaokaa na mateso nyumbani ili wasionekane kwenye geti lile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama geti la Butabika ni zito kwako, hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Gulu, Arua na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili, na unaingia kwa mlango ule ule wanaoingilia wenye malaria na miguu iliyovunjika. Au anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu na uombe barua ya rufaa.

Andika utakachosema kabla ya kwenda, maana mbele ya mhudumu unaweza kukwama. Kitu kama hiki kinatosha: "Tangu mwaka jana nashindwa kuongea mbele za watu. Nimeacha masomo, usiku silali, na nikitoka nje natetemeka." Ukishindwa kukisema, mpe akisome. Na beba lile daftari, kwa sababu utabiri wako na yaliyotokea kweli vitamwonyesha pa kuanzia.